Herufi zimetokea ukutani leo

Leo mchana nimeshuka Kigoma mjini kutafuta kamba za chandarua. Kamba sijanunua.

Barabara ya Lumumba, chini ya miembe, mafundi wanakwangua ukuta wa duka kuukuu lililofungwa siku nyingi. Mwenyewe anataka lifunguliwe tena, na (Mungu ampe maisha marefu) hakulivunja ajenge la vioo.

Rangi ya kijani ikatoka.
Chini yake bluu.
Chini ya bluu, chokaa.

Halafu juu ya mlango zikaanza kujitokeza herufi nyekundu: NGUO NA V... Viatu? Vitambaa? Jina la mwenye duka limeshabanduka lote.

Mzee mmoja akashuka kwenye baiskeli. Nikamwamkia.
"Marahaba mwanangu. Hapa ndipo nilishonewa suruali yangu ya kwanza ndefu."
Akacheka peke yake, macho palepale mlangoni.

Stesheni yetu kila mgeni anaipiga picha; reli ilifika hapa 1914, Mjerumani bado yupo. Sawa, nzuri. Ila haya maduka ndiyo yaliyotuvisha!

Wana Kigoma, lilikuwa la nani? Mwenye picha ya zamani aitupie hapa chini, na mniambie hiyo V ni ya nini.