Usiku niliowasimulia Griselda

Swali la insha lilikuwa la mstari mmoja: je, wahusika wa fasihi ya Ulaya ya zama za kati ni watu wa kila zama na kila mahali? Ukimsikia mhadhiri wetu anavyolisoma, ulijua anataka ndiyo. Ilikuwa miaka ya tisini, niko mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, na tulipewa likizo nzima ya kuirefusha hiyo ndiyo ijaze kurasa. Nikapanda basi la Tanga na nakala ya hadithi moja ya Geoffrey Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, ile inayosimuliwa na mwanafunzi wa Oxford katika The Canterbury Tales. Habari za Griselda.

Griselda hakuanzia kwa Chaucer. Giovanni Boccaccio alikuwa ameshamwandika kwa Kiitaliano, akamweka katika hadithi ya mwisho, ya 100, ya Decameron, kitabu alichokitunga baada ya tauni ya mwaka 1348 kuifagia Florence. Mwaka 1373 Francesco Petrarca akamhamishia kwenye Kilatini, na Chaucer akampokea kwa Petrarca. Kwa hiyo katika miaka isiyozidi hamsini bibi huyu alipita mikononi mwa wanaume watatu, kila mmoja akamvalisha alivyopenda. Mimi nilikuwa nimeshamchoka kabla basi halijafika Segera. Mwanamke gani anayefanyiwa yote yale asinung'unike hata kidogo?

Tanga nilikuta nyumba imejaa. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa anaolewa na kijana wa ukoo wenye mabasi, na Ngamiani nzima ilishasema ya kwake juu ya posa hiyo. Wako waliosema bahati. Wako waliosema sisi wauza samaki mabasi tutayawezea wapi.

Usiku wa kuandaa viungo tulikuwa uani, wanawake wa kila rika, wengine kwenye mikeka, wengine juu ya mbuzi wanakuna nazi. Masinia ya mchele yalikuwa yanachaguliwa, vitunguu saumu vinamenywa, na shangazi amekikalia kinu chake cha bizari nzima na iliki, hataki mtu mwingine akiguse. Redio kaseti ilikuwa inapiga taarabu. Umeme ukakatika. Zikaletwa chemli, na kabla watu hawajaanza kusengenyana bibi akasema, "Haya msomi wetu, tutolee hadithi huko kwenye makaratasi yako."

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Nikaanza na Walter, mtawala wa Saluzzo, kule Italia kaskazini chini ya milima ya Alps. Hataki kuoa, anataka kuwinda tu. Raia zake wanamwendea kumbembeleza aoe wasije wakakosa mrithi. Hapo hakuna aliyeona ajabu. Naye anamchagua binti wa mzee Janicula, fukara kuliko mafukara wote wa kijiji.

"Mahari kiasi gani?" akauliza somo, yule aliyekuwa amfunde dada yangu. Nusu ya mabibi harusi wa mtaa ule walipita mikononi mwake.

Nikamwambia mahari haitajwi, kuna sharti. Griselda aahidi kumtii mumewe katika kila jambo, asimpinge kwa neno wala kwa kukunja uso.

"Huyo bwana ana akili," akasema somo. "Kayasema mapema."

Nikafika pale Walter anapoamuru Griselda avuliwe nguo zote pale pale kwao na avishwe za kifahari, asiingie katika jumba lake na uzi hata mmoja wa nyumbani. Chaucer anasema mabibi waliopewa kazi hiyo hawakufurahi kuzishika nguo zile kuukuu. Mchi wa shangazi ukasimama hewani.

"Mawifi hao," akasema.

Watu wakacheka mpaka bibi akakohoa. Nikaendelea. Griselda anazaa binti. Mume anamwambia watu wananung'unika kwamba mtoto wa mama fukara hafai kuwatawala, kisha anamtuma askari usiku aje kumchukua. Griselda anajua mtoto anakwenda kuuawa. Anamweka mapajani, anambusu, anamwomba yule askari amzike, ndege na wanyama wasije wakamrarua. Halii. Miaka inapita, anazaa mtoto wa kiume, na huyo naye anachukuliwa vilevile.

"Uongo," akasema shangazi. "Hakuna mwanamke huyo. Hajapata kuwako."

"Mama mkwe alikuwa wapi?" bibi akauliza.

Nikapekua kurasa kwa mwanga wa chemli. Walter hana mama katika hadithi. Ana dada tu, kaolewa na bwana mkubwa huko Bologna, na kwa siri huyo ndiye anayepelekewa watoto awalee.

"Si niliwaambia?" akasema shangazi. "Wifi tena!"

Somo hakucheka. Alisema mwanamke kuolewa ni mtihani, na akataja utendi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858, ambao alikuwa anaujua kwa moyo, beti hata za katikati zinazowashinda wengi. Akasema tena kwamba hata Nabii Ayubu alijaribiwa akasubiri. Mimi nikashtuka kidogo, kwa sababu mwanafunzi wa Chaucer naye anamtaja Ayubu, na Petrarca aliigeuza hadithi hii yote kuwa fundisho la namna mwanadamu anavyopaswa kuyapokea yale anayoyaleta Mungu.

"Aliyemjaribu Ayubu ni Mungu," bibi akamjibu somo. "Huyu ni mume tu."

Wakabishana. Sikuyashika yote, maana walikuwa wanasema kwa pamoja, na somo alikuwa na sauti kubwa. Nilingoja mpaka mtu akaniambia, haya, ikawaje.

Ikawa Walter ameghushi barua, kana kwamba Papa amemruhusu kumwacha mkewe aoe mwingine. Vito vinabaki, nguo zinabaki, hata pete. Griselda anaomba kitu kimoja tu: shumizi ya kulisitiri tumbo lililobeba watoto wa mwenye nyumba, iwe badala ya ubikira alioingia nao na ambao hawezi kutoka nao. Anarudi kwao kwa miguu, kichwa wazi, pekupeku, watu wanamfuata njiani wanalia. Baba yake anasikia, anatoka mbio na nguo yake ya zamani amfunike. Haimkai sawa. Kitambaa ni kizito na miaka imepita.

Chaucer anasema mzee alikuwa na shaka na ndoa ile tangu siku ya kwanza. Boccaccio anakwenda mbele zaidi, na hilo nililijua kwa sababu dibaji ililigusa: Janicula alizitunza zile nguo ambazo binti yake alivuliwa siku ya harusi, kwa kuwa kila siku alikuwa anaingoja siku hii.

Mama mkubwa, mama wa bi harusi, alikuwa hajasema lolote tangu tuanze. Alikuwa na sinia la mchele mapajani.

"Kitanda cha mwanangu nimekataa kumpa mdogo wake," akasema. "Wakaniuliza kwa nini. Nikawaambia chaga zimelegea."

Hakuna aliyemjibu. Wakwe walikuwa watu wema, kila mtu alisema hivyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anasema zaidi ya wote. Shangazi akarudia kutwanga.

Sehemu iliyobaki niliisimulia haraka. Walter anamwita Griselda aje kufagia na kupanga nyumba kwa ajili ya bi harusi mpya, na Griselda anakuja na matambara yake anafagia. Bi harusi anafika, msichana wa miaka 12, pamoja na mdogo wake wa kiume. Walter anamuuliza mbele za watu, unamwonaje mke wangu? Griselda anamsifu. Kisha anaongeza: nakuomba jambo moja tu, huyu usimtese kama ulivyomtesa mwingine, yeye amelelewa kwa ulaini, hatastahimili kama aliyelelewa katika umaskini.

Uwanja mzima ukapiga kelele.

"Hicho kijembe!" akasema bibi. "Hapo sasa amesema!"

Wakanirudisha nyuma niusome mstari ule tena. Ukasomwa mara nyingi kuliko mstari mwingine wowote wa hadithi. Mimi chuoni sikuwa nimeupigia hata alama. Mbele ya halaiki, kwa heshima zote, bila kumtaja mtu: "mwingine". Wanawake wale walikuwa wamevaa kanga zenye maneno makali kuliko hayo migongoni mwao, walijua wanachokisikia.

Walter anaungama. Bi harusi ni binti yako, kijana ni mwanao, yote yalikuwa majaribio. Griselda anazimia. Chaucer anasema alipozimia alikuwa amewakumbatia wanawe kwa nguvu hivi kwamba ilichukua kazi na maarifa kuwabandua mikononi mwake. Halafu wakaishi kwa raha mpaka mwisho wa maisha yao.

"Akarudi?" shangazi akafoka. "Akarudi kwa mume huyo?"

Kulikuwa na jirani aliyekaa karibu na mlango wa jiko, mwanamke aliyeachwa, watoto wake wako kwa baba yao mji mwingine. Alikuwa anamenya vitunguu saumu.

"Hakurudi kwa mume," akasema. "Hujasikia aliwakamata akina nani?"

Umeme ukarudi, na taarabu nayo, katikati ya beti ilipokatikia.

Baadaye, kwenye maktaba, nilisoma kwamba Petrarca alimwandikia Boccaccio juu ya marafiki zake wawili waliopewa hadithi hii waisome. Mmoja, mtu wa Padua, alifika katikati kilio kikamshinda, ikabidi mtu aliyefuatana naye amsomee iliyobaki. Wa pili, mtu wa Verona, aliisoma mpaka mwisho macho makavu. Akasema angelia naye, ila anaamini yote yametungwa, maana mwanamke wa namna hiyo atapatikana wapi. Petrarca hakupendezwa na jibu hilo. Mimi nilifurahi peke yangu pale maktabani, kwa sababu shangazi yangu alikuwa amelitoa jibu la Verona huku anatwanga iliki.

Na wenye hadithi wenyewe hawakuwa wametulia nayo. Kwa Boccaccio msimulizi ni kijana aitwaye Dioneo, mtu wa mzaha, naye anakiita kitendo cha Walter wendawazimu wa kinyama. Anamalizia kwamba Walter alistahili mke ambaye akifukuzwa na shumizi angemtafuta mwanamume mwingine wa kumshughulikia mpaka apate gauni zuri. (Jirani mwingine alisema karibu hayohayo pale uani, kwa maneno nisiyoweza kuyaandika.) Kwa Chaucer, hadithi ikiisha tu unakuja wimbo wa kuwaambia wanaume kwamba Griselda amekufa, subira yake imekufa naye, wote wamezikwa Italia, na mume asithubutu kumjaribu mkewe kwa matumaini ya kumpata mwingine kama yeye. Wake nao wanaambiwa wasizifunge ndimi zao.

Kwa hiyo insha yangu haikuwa ndiyo. Griselda mwenyewe, yule wa subira, sikumkubali kuwa mtu wa zama zote na sasa pia simkubali. Ni sanamu ya mahubiri. Waliovuka miaka mia sita na bahari kuja Ngamiani walikuwa wengine, tena kwa vipande: mabibi wenye kinyaa, mzee na nguo alizoziweka, mikono ya mama iliyogoma kufunguka, na kile kijembe. Hata Walter hakuvuka vizuri. Uani walimwona mgonjwa tu, wakampita. Nilimwandikia Janicula kurasa nne. Mhadhiri akanipa alama za wastani na kuandika pembeni kwamba Janicula ni mhusika mdogo. Ni kweli ni mdogo. Kwa Chaucer hapewi maneno mengi. Lakini yeye peke yake, katika hadithi nzima, ndiye aliyemjua Walter tangu siku ya posa, na sioni kwa nini hilo lisihesabike.

Miezi kadhaa baada ya harusi dada alinieleza aliyofundwa ndani, yale yanayosemeka. Somo alimhadithia habari za mwanamke wa Uitaliani aliyefukuzwa na mumewe akarudi kwao na shumizi, baba yake akampokea na nguo zake. Mume akatuma mjumbe aje amwite, akafagie nyumba ya bi harusi mpya. Mwanamke akaingia ndani, akatoka na ufagio, akamkabidhi mjumbe ampelekee bwana wake.

"Ndivyo ilivyo kitabuni?" dada akaniuliza.

Nikamwambia ndivyo.