Siku moja maishani mwangu: baa ya klabu ya wazee, Bologna

Saa 1:30 asubuhi. Nikishafungua mlango wa nyuma, naanza na mashine ya kahawa, maana haipati moto upesi. Mimi ni mtu wa Malindi. Kiitaliano nilikiokota kwetu, kama wenzangu wengi tuliokulia karibu na hoteli za ufuoni, na leo ndicho kinachonilisha huku Bologna, Italia, kwenye baa ya klabu ya wastaafu. Kuanzia mwenyekiti hadi anayefagia uani, ni wanachama wanaojitolea. Tunaolipwa ni mimi na mpishi tu.

Saa 2. Wa kwanza kuingia ni wazee wa bustani. Nyuma ya jengo kuna vijishamba ambavyo manispaa huwapa wastaafu walime mboga zao. Wanagonga matope kwenye kizingiti, wanakunywa espresso wima, baadhi wakitiliwa tone la grappa, pombe kali ya zabibu, na wanaponiachia fungu la mboga kaunta najua kukataa ni kuwavunjia heshima.

Saa 4. Natandika vitambaa vya kijani mezani na kuhesabu karata, pakiti moja moja. Zikipungua hata moja, alasiri nzima imeharibika. Karata za kawaida hapa ni 40, hazina nane, tisa wala kumi, na malkia hayumo: kuna mfalme, farasi na ghulamu. Badala ya uru, kopa, shupaza na pau mnazozijua, utaona sarafu, vikombe, panga na magongo. Ree ya sarafu ina nafasi katikati ya picha ambapo zamani serikali iligonga muhuri wa kodi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1972, lakini wapo humu wanaoukumbuka muhuri wenyewe.

Ukutani pamebandikwa orodha ya michezo ya kamari iliyokatazwa. Ni sharti la sheria. Hapa dau ni kahawa: walioshindwa wanawalipia walioshinda, basi.

Saa 6. Chakula cha mchana. Leo ni tortellini, vitambi vilivyojazwa nyama, kwenye supu, na tunapoosha vyombo wengine wameshaanza kuvuta viti.

Saa 8 mchana. Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Meza ya dirishani ni ya briscola, wawili kwa wawili, wenza wakitazamana. Ree ina pointi 11, tatu ina 10, mfalme 4, farasi 3, ghulamu 2. Jumla ni 120, na ukifika 61 umeshinda. Kinachonivutia zaidi ni nyuso. Sheria inawaruhusu wenza kupeana ishara za turufu walizo nazo, mradi wapinzani wasizidake. Mzee akipandisha macho juu kama anayeomba Mungu, ana mfalme. Akipinda mdomo upande, ana tatu. Basi hata mtu akiwashwa pua, wapinzani wawili wanamkodolea macho.

Meza ya pili ni ya tressette, nayo ni kimya. Humo tatu ndiyo kubwa, inafuatwa na mbili, kisha ree. Maneno hayaruhusiwi isipokuwa ishara tatu. Kugonga meza kunamwambia mwenzako atupe karata yake kubwa kabisa na, akila, arudishe aina ileile. Kuburuza karata kunamwambia bado unazo za aina hiyo. Kuitupa kwa kuirusha kunamwambia ndiyo ya mwisho. Kuna bibi mmoja hapa, mshonaji wa zamani, ambaye kwa mburuzo mmoja wa karata anamweleza mwenzake mengi kuliko ninavyoweza mimi kwa dakika tano za maneno.

Saa 8:30. Kiti kimoja cha tressette kiko wazi, na mwenza wake amesimama kaunta, koti bado mwilini. "Mpigie," ananiambia. Napiga. Lifti ya jengo lao imekufa tangu jana usiku, na mzee yuko ghorofa ya nne na magoti yake yale.

Nchi hii karibu mtu mmoja kati ya kila wanne ana miaka 65 au zaidi, na wengi wa hapa wanaishi peke yao. Bila watu watatu wanaomngojea saa nane, ni nani angejua leo kwamba mzee huyu amekwama juu? Ndiyo maana nasema mchezo wa wanne ni ulinzi. Televisheni haitambui usipoiwasha.

Mwenza wake anaomba pakiti moja ya karata na vipande vinne vya keki. Naandika pakiti kwenye daftari, nafunga keki kwenye karatasi, na wazee watatu wanatoka kwenda kupanda ngazi zile pole pole.

Saa 10 alasiri. Meza ya pembeni ni ya tarocchino, mchezo wa Bologna wenyewe, karata 62. Ndani yake wamo Mori wanne, watu weusi. Nilipowauliza, bibi mmoja aliweka kikombe chini akanisimulia. Mwaka 1725 padri Luigi Montieri alichapisha karata ambamo aliandika kuwa Bologna ina serikali ya mchanganyiko, ilhali mji ulikuwa chini ya Papa. Mwakilishi wa Papa akamtia ndani, na zile karata nne zilizoitwa mapapa zikaamriwa ziwe Mori. Sheria yao naipenda sana: hakuna Mori mkubwa wala mdogo. Wakikutana mezani, aliyetupwa mwisho ndiye anayekula.

Saa 12 jioni. Watatu wamerudi, pakiti imetimia, na mshonaji anatangaza ukumbi mzima kwamba mzee wa juu na mwenza wake wamepigwa vibaya. Nahesabu fedha za siku na kuagiza maziwa.

Kesho ni mashindano ya briscola, zawadi ya kwanza paja zima la prosciutto, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Naandika jozi ubaoni, na ya mzee wa ghorofa ya nne imo. Fundi wa lifti asipotokea, mwenyekiti ameshapanga watu wawili wa kumshusha.