Kumbukumbu ya mradi: gemu zisizoongea, barazani Chikongola

Mradi wenyewe ni kuwawashia watoto wa mtaani gemu za kompyuta hapa barazani Chikongola, Mtwara. Sharti lake ni moja tu: nikishawasha gemu mi nakaa kimya. Sitafsiri, sielekezi, sishiki kibodi. Kama dogo wa darasa la tatu ambaye Kiingereza chake kinaishia gudmoning ticha hawezi kugundua mwenyewe afanye nini, hiyo gemu inatoka kwenye orodha, hata kama huko duniani inasifiwa kinoma.

Sasa hapa Mtwara ukisema gemu mtu anaelewa mpira. Kuanzia Magomeni mpaka Mikindani kibanda cha gemu ni tv moja, pedi mbili, benchi, na foleni ya watu wanaotaniana mpaka jirani anakuja juu. Mpira sina ugomvi nao, nimekulia humo humo. Ila kuna hizi gemu nyingine zinazotengenezwa na mtu mmoja, wawili, kikundi kidogo bila kampuni kubwa nyuma yao, wenyewe wanaziita indie, na katika hizo mi nafuata za kurukaruka na za chemsha bongo, hasa zile zinazochanganya vyote viwili. Nilikuwa nacheza peke yangu usiku, mpwa wangu akaanza kuchungulia, akaleta wenzake, mradi ukaanza hivyo bila kikao.

VIFAA

Laptop ya mtumba, i3, ram GB 4, kadi ya picha (ile ya kuendeshea gemu nzito) haina. Betri ni pambo, umeme ukikatika na gemu imekatika. Pedi moja ya waya ambayo kitufe chake kimoja kinahitaji ubonyeze na uamini. Gemu nasubiri zishushwe bei, nalipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, nashusha usiku kwa bando la usiku. Wanachonifurahisha hawa jamaa ni kwamba kazi zao nyingi ni nyepesi, Limbo nzima haifiki hata MB 200, Celeste ndo nzito kidogo inagusa GB 1 na ushee.

VVVVVV

Hii ndo iliyofungua dimba na mpaka leo ndo inayoombwa kuliko zote. Ya 2010, kaitengeneza Terry Cavanagh wa Ireland. Unakuwa kapteni wa chombo cha anga, wenzako wamepotea, unawatafuta. Sasa kapteni huyu haruki. Kabisa. Ukibonyeza kitufe anageuza mvutano, yaani badala ya kuanguka chini anaangukia juu kwenye dari, ukibonyeza tena anarudi chini, na hapo katikati ya hewa huwezi kubadili mawazo mpaka mguu uguse kitu.

Hakuna aliyewaambia watoto hayo. Wa kwanza alibonyeza akaona mtu kaganda darini kichwa chini, baraza zima likaangua kicheko, na somo likawa limeisha. Tena ukifa unarudi palepale karibu ulipokuwa, hakuna kusubiri, hakuna kuhesabiwa maisha, ndo maana hata wa mwisho kwenye foleni anapata zamu yake na hakuna anayelia.

Kuna sehemu moja lazima niielezee. Kuna kitu kinang'aa kiko hatua mbili tu pembeni yako, kati yenu kuna kijiwe kidogo ambacho mtu yeyote angekivuka bila hata kuangalia, lakini kapteni haruki si nimesema? Kwahiyo ili upate kile kitu inabidi uangukie juu, upite chumba kwa chumba kwenye kishimo cha miiba kushoto na kulia, ufike kileleni, uhamie upande wa pili, halafu ushuke vyumba vyote vile kwa miiba ileile mpaka utue upande wa pili wa kijiwe. Vyumba vyenyewe vina majina Veni, Vidi, Vici. Ukigusa mwiba wa mwisho kabisa umerudi mwanzo. Madogo walikaa pale jioni kwa jioni, mikono inatoka jasho, wanapokezana, na aliyekuja kuvuka ni dada mmoja mdogo ambaye huwa amekaa tu pembeni na mdogo wake mgongoni, alishika kibodi mtoto akiwa bado mgongoni. Jamani kelele ile, mama wa nyumba ya pili alitoka na mwiko mkononi kuuliza nani kafa.

Mi hapo ndo nilielewa kwanini gemu hii ipo kwenye kila orodha. Sheria moja, imebanwa mpaka imetoa kila kitu iliyonayo. Mwaka 2020 huyo Cavanagh akaitoa hadharani programu yake yote watu waisome, nimeifungua nikaangalia, ni makombo matupu, mistari mirefu ya kama hiki basi kile. Inatia moyo sana kwa sisi tusiosomea.

LIMBO

Playdead wa Denmark, nayo ya 2010. Haina maongezi wala maelezo ya kusoma ndani ya mchezo, kwa sharti langu hii ilikuwa imepita kabla sijaiwasha. Tatizo likawa jua. Gemu yote ni nyeusi na kijivu, mchana barazani huoni kitu zaidi ya sura yako mwenyewe, ikabidi tufunge kanga mbili na mkeka tukawa na chumba cha giza, joto lake la kwetu hili mnalijua.

Kuna buibui mkubwa mwanzoni. Mguu wake unakuchoma ukisogea. Watoto walijaribu kumkimbia, kumruka, kumsubiri asinzie (wazo la mpwa wangu), mpaka mmoja akarudi nyuma akaona kuna mtego wa chuma juu ya tawi, ukidondoka unauvuta mpaka chini ya mguu wa buibui, akipiga chini ananasa mwenyewe. Gemu haijakwambia "tumia mtego". Imeshakuua na mitego ya namna hiyo huko nyuma, kwahiyo unajua inafanyaje kazi, imebaki akili yako tu kuigeuza. Hiyo mi naona ni ufundi hasa, kifo kimefanya kazi ya maelezo.

Mzazi mmoja alilalamika kwamba mtoto kaota buibui. Ana haki yake. Limbo sasa ni ya wakubwa kidogo tu.

BRAID

Jonathan Blow, 2008, wengi wanasema hii ndo iliyofanya dunia ianze kuziangalia gemu ndogo kwa heshima. Unaweza kurudisha muda nyuma, unashika Shift na kila kitu kinarudi kinyumenyume pamoja na muziki. Mwanzoni watoto waliichukulia kama dawa ya kutokufa basi. Halafu vinakuja vitu vyenye mng'ao wa kijani, hivyo muda ukirudi vyenyewe havirudi. Ufunguo uko kwenye shimo ambalo ukiingia hutoki. Unaingia kwa makusudi, unachukua ufunguo, unarudisha muda, wewe unapanda hewani kurudi ulikotoka na ufunguo uko mkononi bado kwasababu wenyewe haujali muda. Dogo aliyeipata hakushangilia hata, alisema tu "kumbe" na akakaa.

Ila vitabu vya hadithi vilivyomo ndani ni Kiingereza kizito, hata mi baadhi sikuvielewa, tunavipita tu. Na huko mbele inakuwa ngumu kwa namna ya kumkomoa mtu. Imebaki kwenye orodha nusu ya kwanza tu.

ZILIZOTOKA NA ILIYONISHANGAZA

Thomas Was Alone ya Mike Bithell, 2012, imetoka kwenye orodha. Ni mistatili tu, mwingine mfupi, mwingine mrefu, kila mmoja anaruka kivyake na wanapandiana wapite, wazo zuri mno, lakini utamu wake wote uko kwa yule jamaa anayesimulia kwa Kiingereza, ukiondoa sauti yake madogo wanaona maboksi tu. Celeste ya 2018 haijatoka wala haijabaki. Maongezi marefu, lakini mwili wa yule binti anayepanda mlima unajieleza wenyewe, ukichelewa kidogo kuruka ukingoni gemu inakusamehe inakuruhusu bado, na kuna sehemu ya kupunguza mwendo wa gemu nzima hadi nusu. Nimeipunguza kwa ajili ya wadogo, wakubwa wakanicheka, lakini usiku niliwakuta nao wameipunguza.

Baba Is You ndo niliyokuwa nimeshaiandika kuwa imefeli. Ya Arvi Teikari wa Finland, 2019, na mchezo wote ni maneno ya Kiingereza yamepangwa chini, WALL IS STOP (ukuta unazuia), FLAG IS WIN (bendera ni ushindi), ukisukuma neno moja likatoka kwenye mstari ile sheria inakufa, ukuta unaupita kama haupo. Nikasema hapa hawatoboi. Wakatoboa! Hawakuwa wanasoma, walikuwa wanayachukulia maneno kama mawe yenye alama, hili ukilitoa hapa ukuta unalegea, lile ukiliweka pale unashinda. Jina la gemu lenyewe walilicheka siku nzima. Kwahiyo sharti langu nimeliandika upya kwenye daftari: ruksa gemu kuwa na maneno, mradi kuyasukuma kunafundisha yanafanya nini.

GHALA (YA KWANGU SASA)

Ghala ni gemu niliyotengeneza mwenyewe, na hapa ndo sehemu ninayotaka kuandika zaidi. Kuna kitu cha kutengenezea gemu za chemsha bongo kinaitwa PuzzleScript, kakitengeneza Stephen Lavelle, 2013, bure, unaandikia humohumo kwenye kivinjari. Mhusika wako ni vipande 5 kwa 5, yaani vipikseli 25 ndo mtu mzima na kofia yake. Mfano wa kwanza wanaokupa ni mtindo wa Sokoban, ile gemu ya Mjapani Hiroyuki Imabayashi ya 1982, mtunza stoo anasukuma maboksi hayavuti, akilibana kwenye kona limekwisha. Na moyo wake wote ni mstari huu mmoja:

[ > Player | Crate ] -> [ > Player | > Crate ]

Maana yake mchezaji akielekea kwenye boksi, boksi nalo lielekee hukohuko. Basi. Nimeukodolea macho sana mstari huu, ile mishale tu.

Mi nimegeuza boksi likawa gunia la korosho, mtu akawa kuli, na stoo ikawa ghala kama yale yanayojaa msimu wa mnada ukifika. Halafu nikaongeza shimo kwenye sakafu: gunia likisukumwa shimoni shimo linajaa, unapita juu yake. Mtego ni kuamua gunia lipi ulitoe kafara. Nikawasha, nikakaa kimya kama kawaida.

Hakuna aliyesukuma gunia shimoni. Wanazunguka, wanarudi, wanabonyeza R waanze upya, wanazunguka tena. Mwishoni mmoja akanigeukia, "Anko, hapa si mpaka utupe korosho?" Nikanyamaza. "Korosho za nani sasa hizo?" Mwenzake akadakia kwamba babu yake alishawahi kumfukuza mtu shambani kwa korosho za kujaza kofia tu, sembuse gunia. Yaani jibu walikuwa nalo muda wote, wamelikataa!

Nimebadilisha. Sasa kuna magunia mawili, la kahawia ni korosho, la njano ni mchanga. La mchanga linajaza shimo. La korosho ukilielekeza shimoni kuli anagoma kabisa kusogea, na hiyo ni mstari mmoja tu nao:

[ > Player | Korosho | Shimo ] -> cancel

Tangu hapo steji ile wanaimaliza bila kuuliza, na kule kugoma kwa kuli kumekuwa kitu kipya, wakubwa wanakitumia kupima wapi kuna shimo kwenye steji niliyoyafunika mashimo kwa turubai. Sikuipanga hiyo. Nimetengeneza steji tatu za turubai kwa ajili yao na moja ya hizo mwenyewe sijaipatia njia fupi, mpwa wangu anasema anayo ila anataka chipsi kwanza ndo aonyeshe.

PuzzleScript ukimaliza inakutolea faili moja la html, linacheza bila intaneti, kwahiyo nimeliweka kwenye flashi nikampa shemeji yangu anayeenda Lindi, watoto wake wamelicheza kwenye kompyuta ya ofisini kwake. Ripoti kutoka huko: steji ya nne rahisi mno, na wanaulizia lori liko wapi, maana magunia yakishapangwa lazima yapakiwe.

Kwahiyo lori ndo kazi ya wiki hizi, nalichora vipande viwili vilivyoshikana na bado likisogea kichwa kinaacha bodi nyuma. Inside ya 2016 ya walewale wa Limbo nimeiweka pembeni, inataka kadi ya picha na mi sina. Mwenye monita ya ziada inayowaka, hata kama kioo kina mstari, tuongee bei.