Siku ya tatu ndiyo inayowarudisha watu kwenye bangi

Mvutaji wa kila siku akiamua kuacha, mara nyingi huacha Jumapili, na Jumatano unamkuta tena nyuma ya ukuta, msokoto mkononi. Hapa Bukavu maelezo tunayo tayari: hana msimamo, ana roho chafu, marafiki wamemroga. Lakini jambo hili lina saa na tarehe zake. Ubongo uliozoea bangi kila siku huanza kuidai kati ya saa 24 na 72 baada ya kuvuta mara ya mwisho. Madai hayo hufika kileleni kati ya siku ya 2 na ya 6, na kwa wengi yamekwisha baada ya wiki 2, isipokuwa usingizi, ambao unaweza kusumbua mwezi mzima. Jumatano ni siku ya 3. Mtu anageuka na kuteremka pale pale mlima ulipo mkali zaidi, na kilele kilikuwa hatua chache mbele yake.

Ubongo una bangi yake wenyewe. THC, kile kiungo cha bangi kinacholewesha, ilitengwa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni huko Israeli. Mwaka 1992 kundi la Mechoulam likagundua kemikali ya mwili inayofanya kazi inayofanana, likaiita anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Kazi yake ni breki. Seli ya neva iliyochoshwa na ujumbe mwingi huirudishia seli jirani kemikali hiyo, kama kuiambia: punguza sauti. Vipokezi vinavyoshika ujumbe huo vinaitwa CB1, na vimejaa mahali pa kumbukumbu, pa woga, pa hamu ya chakula na pa kuratibu mwendo.

Anandamidi hushika breki kidogo tu, kisha huvunjwa. THC huishika saa nyingi, tena ubongo mzima kwa mara moja. Fikiria motari wa pikipiki anayeteremka mlima kutoka Kadutu akiwa amekanyaga breki tangu juu mpaka chini, kila siku, mwaka mzima: breki zitalika. Ubongo nao hufanya hesabu yake: unavuta vipokezi ndani ya seli ili usizidiwe. Picha za ubongo zilizotangazwa mwaka 2012 zilionyesha kwamba wavutaji wa kila siku wana CB1 pungufu katika gamba la nje la ubongo, kama sehemu moja kwa tano. Walipokaa wiki 4 bila kuvuta, vipokezi vilirudi karibu kila mahali. Hipokampo, ambako kumbukumbu mpya hutengenezwa, ilikuwa bado nyuma.

Kwa hiyo siku za mwanzo unakuwa na upungufu mara mbili: THC imeondoka, na breki zako za asili ni chache. Hapo ndipo hasira zisizo na sababu hutoka, na jasho la usiku, mikono kutetemeka, tumbo kukaza, chakula kukosa ladha. Mtu akivuta kidogo tu, yote yanatulia ndani ya dakika chache, naye anasema: unaona, bangi ndiyo dawa yangu. Ni kama kukopa ili kulipa deni la yule yule aliyekukopesha.

Halafu kuna ndoto. THC hupunguza ile sehemu ya usingizi ambamo ndoto nyingi huzaliwa. Ukiacha, ubongo unalipiza: ndoto ndefu, zenye rangi, marehemu wanakuja kuongea, unafukuzwa mpaka unaamka umelowa. Hapa Bukavu ndipo mambo huharibika. Kijana anamsimulia mama, mama anampeleka chumba cha maombi, anafungishwa siku 3 bila kula na kukesha, katika wiki ile ile ambayo mwili unahitaji kula na kulala kuliko wakati wowote. Hatuna ugomvi na sala. Muombeeni, lakini ameshiba, na saa tatu usiku awe kitandani. Ndoto hizo ni dalili kwamba usingizi unajirekebisha, na hupungua zenyewe.

Kula usisubiri hamu, kwa sababu haitakuja. Kikombe cha uji wa masoso (mahindi, soya na mtama) kila saa 3 kinapita hata pale sahani ya bugali na sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, inapomtia mtu kichefuchefu.

Kahawa ni jambo ambalo karibu hakuna anayelisema. Moshi, wa tumbaku hasa na wa bangi pia, huamsha kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini. Moshi ukikatika, kimeng'enya kinalegea ndani ya siku chache, na vikombe vile vile vinne vya kahawa ulivyozoea vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mtu anahisi moyo unadunda, hapati usingizi, anasema ni bangi inayomuita. Punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza, na baada ya saa sita mchana usiguse. Kimeng'enya hicho hicho huvunja olanzapini na klozapini, dawa za ugonjwa wa akili. Mgonjwa anayezitumia akiacha moshi, dawa hupanda kwenye damu bila kidonge kuongezwa, naye anasinzia kupita kiasi. Daktari aambiwe kabla, na asiachiwe mgonjwa kupunguza mwenyewe.

Anayechanganya bangi na tumbaku anaacha vitu viwili, na nikotini nayo ina kilele chake katika siku 3 za kwanza. Wengi huacha bangi na kuvuta sigara mara mbili zaidi, kisha sigara yenyewe, kwa harufu na kwa mkono kuzoea, inawarudisha. Badala nyingine mbaya ni kasiksi (pombe ya ndizi), pombe kali na Valium, dawa ya kutuliza ya farmasi. Valium inalaza, kweli, lakini ukiizoea, kuiacha ni kugumu na kuna hatari kuliko kuacha bangi.

Kuacha bangi kwa ghafla si hatari kwa mwili kama kuacha pombe kwa mlevi wa kila siku. Anayetaka kushuka polepole pia anaweza. Mwenye kuvuta misokoto 6 kwa siku abaki na 4 kwa siku 3, wa kwanza baada ya saa sita mchana. Kisha 2 kwa siku 3, jioni tu. Kisha 1 siku ya 7. Siku ya 8 hana. Kosa linalovunja mpango huu linajulikana: misokoto inapungua lakini inanenepa, na moshi unavutwa kwa nguvu na kushikiliwa kifuani. Kwa hiyo hesabu bangi yenyewe, usihesabu karatasi. Gawa ya wiki nzima mapema, ifungie, na funguo ikae kwa mtu mwingine, yaya au mke, asiyevuta.

Kuna dalili ambazo si za kuacha bangi, na zisipotofautishwa zinaua. Kifafa si dalili yake: mtu akianguka na kukakamaa, uliza kuhusu pombe, Valium na tramadoli (dawa ya maumivu), kisha hospitali mara moja. Baridi na jasho vinaweza kuwepo, lakini kipimajoto kikionyesha 38 au zaidi, pima malaria bila kubahatisha. Na kama anasikia sauti, au anaamini anafuatwa, na hali hiyo haijaondoka siku 2 baada ya kuacha, au hajalala usiku 3 mfululizo, au anasema afadhali afe, asibaki nyumbani. Bukavu tuna Sosame, kituo cha afya ya akili cha Mabruda wa Upendo. Goma kuna Tulizo Letu. Kumfunga kamba ndani ya nyumba kunapoteza siku zile ambazo dawa ingefanya kazi vizuri zaidi.

Kuna pia kutapika kunakofanana na malaria au sumu. Aliyevuta karibu kila siku kwa miaka anaanza kutapika asubuhi, mara nyingi, tumbo linamuuma, vipimo havionyeshi kitu, na nafuu anaipata akijimwagia maji ya moto tu. Maji ya moto ndiyo ishara ya kuuliza. Ajabu yake ni kwamba bangi, inayosifiwa kwa kuzuia kichefuchefu, ndiyo inayomtapisha, naye huvuta zaidi ili apone. Hatari ya haraka ni kukaukiwa maji: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Asipoweza kubakiza hata hayo, anahitaji maji ya mshipa. Tiba inayodumu ni kuacha kabisa.

Swali la umri tunaliuliza kabla ya yote, kwa sababu ubongo huendelea kujengwa mpaka karibu miaka 25. Vijana 45,570 walioitwa jeshini Uswidi walifuatiliwa miaka 15, na matokeo yakatangazwa mwaka 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kufikia umri wa miaka 18 walipata skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, mara 6 zaidi ya wasiovuta. Wengi wao hawakuugua, hilo lisemwe pia. Lakini kama mjomba au dada amewahi kuugua akili, kwa kijana wa ukoo huo hatari inaanza juu zaidi. Kuhusu bangi kushusha akili ya darasani moja kwa moja, wataalamu bado wanabishana: utafiti wa New Zealand uliona ikishuka kwa walioanza wakiwa wadogo na kuendelea, wa mapacha haukuona tofauti kati ya anayevuta na pacha wake. Kumbukumbu ina habari nzuri zaidi. Mwaka 2018 vijana 88 wa miaka 16 hadi 25 walipimwa, baadhi wakiacha kwa mwezi, na uwezo wa kushika maneno mapya uliongezeka kwa walioacha, hasa katika wiki ya kwanza.

Kwa mzazi anayetaka kupima mkojo: THC huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili na hutoka polepole. Aliyevuta mara moja anaweza kuonekana kwa siku 3 hivi. Wa kila siku, kwa siku 30 na hata zaidi, bila kugusa tena. Maziwa, ndimu na makaa hayaharakishi chochote. Kipimo cha siku ya 12 kikisema ndiyo, mama, usimfukuze mtoto kwa ajili ya kipimo hicho. Muulize amelala saa ngapi, na amekula nini.