Kukifuata Chuma Hadi Baharini

Tulitoka Philadelphia saa kumi na moja alfajiri, mimi na shemeji yangu, bila hata chai. Chai tuliikuta mbele. Mto Batsto, katika misitu ya misonobari ya New Jersey, una maji ya rangi ya mkandaa hasa. Tena si kufananisha tu: kinachoyapa maji yale rangi ni ndugu wa kile kilichomo kwenye gome la mkandaa wetu wa pwani, lile la kutilia rangi ngozi.

Chini ya mierezi, kando ya kijito, palitanda utando wa rangi za upinde wa mvua.

"Shemeji, wamemwaga mafuta hapa."

Nikauchokoa kwa kijiti. Ukavunjika vipande kama kioo, usiungane tena. Mafuta yangeungana. Ule ulikuwa utando wa chuma na bakteria wake.

Ardhi ya pale ni mboji tupu, mimea iliyorundikana majini karne kwa karne isioze ikaisha. Nilizama hadi goti, kiatu nikakitoa kwa mikono miwili. Humo hewa haipenyi na maji ni machachu, basi chuma cha mchangani, badala ya kushika kutu, huyeyuka na kutembea na maji. Kikitokea ukingoni kikaonana na hewa, hugeuka kutu, na kutu hiyo hugandisha mchanga ukawa jiwe. Mawe hayo ndiyo yaliyoyeyushwa kwenye tanuri la kijiji cha Batsto, lililoanza mwaka 1766. Hata mizinga ya vita vya uhuru wa Marekani ililishwa kutoka hapo.

Ila chuma kingine hakigandi. Asidi za mboji hukikumbatia, kikateremka na Mto Mullica mpaka chumvi ya bahari iwagandishe wote wawili, wazame.

Tukakifuata kwa gari hadi kwenye vinamasi vya Great Bay. Maji yalikuwa yamekupwa, harufu ya mayai viza imejaa. Shemeji akapandisha kioo. Mimi nikashusha changu, nikanusa mikoko ya Tanga. Bakteria wa topeni hula salfeti ya maji ya bahari na kutoa gesi hiyo, nayo ikikutana na chuma hukinasa, tope likawa jeusi tii.

Nilirudi garini na tope hilo mikononi na kwenye suruali. Tulipofika Philadelphia, alama niliyoiacha kwenye kiti cha shemeji ilikuwa imeanza kuwa kahawia. Nikamweleza kwamba ni hewa, chuma kinarudi kuwa kutu. Akanipa sabuni na brashi.