Sigara moja ya saa nane usiku

Dada alishikwa na uchungu kwenye saa nne usiku na mwenye gari siku hiyo nlikuwa mimi, kwahiyo nikawabeba yeye na shemeji mpaka hospitali, nikapaki, nikaambiwa wewe subiri hapo kwenye benchi. Shem aliingia nae ndani ila haikupita nusu saa akarudishwa, eti anauliza maswali mengi kuliko mgonjwa. Basi tukawa wawili pale, taa zile nyeupe zinazofanya kila mtu aonekane anaumwa, na mlango mmoja ambao kila ukifunguka tunainuka wote na kila anaetoka hana habari na sisi.

Kwakweli nlikuwa na wasiwasi na dada lakini nisiwe muongo, nusu ya wasiwasi wangu ilikuwa mfukoni. Vepu, ile sigara ya umeme nnayovuta badala ya sigara, ilikuwa imeungua koili, kile kiwaya chenye pamba kinachopasha moto likwidi yake ya nikotini.

Ilikuwa siku ya sita sijagusa sigara hata moja. Jioni ile nlibadilisha koili harakaharaka, na mwenye kuvepu anajua koili mpya unaidondoshea likwidi kwenye pamba, unaiweka kwenye tanki, unaiacha ikae dakika tano mpaka kumi ndo uanze kuvuta. Mi nkasubiri kama dakika moja hivi, nikabonyeza, pamba ikaungua. Ladha yake sijui niieleze vipi, kama umelamba karatasi iliyoungua halafu ikabaki kooni. Na pamba ikishaungua imeungua, huwezi kuirudisha. Koili ya akiba ipo nyumbani kwenye droo. Usiku huo hakuna duka lolote lililo wazi, na dada yuko ndani analia.

Ila kwenye koti nlikuwa na paketi yenye sigara tatu.

Najua utauliza, mtu anaacha sigara anatembea na paketi ya nini. Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Nimevuta miaka 17, na miaka mingi katika hiyo ilikuwa sigara 20 kwa siku. Kuacha nimeshaacha mara nne. Mara zote style ilikuwa moja, naiponda paketi, namwagia maji ili nisije nikaokota kwenye pipa (nimeshawahi kuokota kwenye pipa), natupa laita, natangazia watu wote nimeacha. Mara ya nne nlifika siku 9. Siku ya 9 jamaa yangu wa kazini kanipa moja, nikaivuta, halafu njia nzima ya kurudi nyumbani nikawa najitukana, jitu zima hovyo kabisa, huna msimamo, umeona sasa, na kwa vile nimeshaharibu basi nikanunua paketi, kesho yake nikavuta kuliko hata zamani. Mi leo nikiiangalia ile siku naona sigara ya jamaa haikunirudisha popote, ilikuwa sigara moja tu. Kilichonirudisha ni yale matusi. Mtu akishajiona hovyo, anavuta ili apumzike na huyo mtu anaemtukana, na huyo mtu ni yeye mwenyewe, sasa utapumzikia wapi?

Halafu dada akapata mimba. Alipofika mwezi wa tano kaniambia, bila hasira wala nini, tumekaa tu, "Mdogo wangu, siku ukija kumbeba mwanangu usije na huo moshi kwenye nguo." Basi. Hakusema acha. Angesema acha ningemjibu vizuri sana maana majibu ya hiyo nnayo mengi. Hiyo ya nguo sikuwa na jibu lake.

Vepu ya kwanza nliazima kwa rafiki yangu, dude kubwa linatoa mawingu kama treni la zamani, likwidi yake nikotini miligramu 3 tu kwa mililita. Nikavuta kama navuta sigara, pafu fupi la nguvu, nikakohoa mpaka machozi, na arosto iko palepale. Nikasema hii siyo yangu. Aliyeninyoosha ni muuzaji mmoja, kijana mdogo tu, kabla hajanionyesha kitu chochote akauliza, "Braza, unavuta ngapi kwa siku?" Nikamwambia 20. Akacheka, akasema mtu wa 20 ukimpa miligramu 3 unampa maji. Akanipa kidude chembamba, koili ya omu 1 na kitu (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), inavuta kwa kubana kama sigara, na likwidi ya miligramu 18 kwa kila mililita. Akaniambia vuta taratibu, sekunde tatu nne, shikilia mdomoni kwanza ndo ushushe, na usiwe na haraka maana nikotini ya sigara inafika kichwani ndani ya sekunde chache tu, hii inajivuta kidogo, kwahiyo piga pafu mbili tatu halafu subiri, usiseme haifanyi kazi. Na maji unywe, mdomo utakauka. Kweli ulikauka.

Na akanieleza kitu ambacho miaka 17 yote sikuwahi kukitenganisha kichwani. Kinachokushika ni nikotini, lakini kinachokumaliza hasa ni kuungua. Tumbaku ikiungua ndo unapata lami, ndo unapata kaboni monoksidi inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Vepu haiunguzi tumbaku, inapasha moto likwidi, propilini glaikoli na gliserini na ladha na nikotini yake. Siyo hewa safi, hata yeye hakuniambia ni hewa safi, na kama hujawahi kuvuta mi nakwambia kabisa usianzie hapo. Ila mi sikuwa natoka kwenye hewa safi.

Kitu kingine alichosema, na hiki ndo kilinishangaza, ni kwamba nisiache siku hiyohiyo. Badilisha moja, akasema. Chagua ile usiyoipenda sana.

Nikanunua kidaftari. Kila siku namba moja tu, hamna maelezo. Nikaanza kuondoa zile za kijinga, ya kuongea na simu, ya kusubiri kompyuta iwake, ya baada ya sigara nyingine (ndio, ipo hiyo). 20 ikawa 14 kirahisi mpaka nikajiona mjanja. 14 mpaka 9 nikasota. Baada ya chakula nlihamisha, ya kulala nlihamisha, ya asubuhi ikagoma kabisa, ile ya asubuhi bana ina mizizi, maana umelala usiku mzima nikotini imeshuka mwilini, mwili unaamka unadai. Nikaiacha ya mwisho. Kuna siku namba ilipanda, 9 halafu 13, naandika 13, nafunga daftari, nalala. Mwanzoni ilikuwa ngumu kuandika tu na kulala, mkono unataka kuongeza neno pembeni.

Na paketi sikuitupa. Ikiwepo kwenye koti natulia, nikijua haipo naanza kuitafuta mji mzima. Ndo maana.

Kwenye 4 nilikwama wiki tatu, nikaanza kujifariji 4 siyo mbaya ukilinganisha na 20, afya nimeshaokoa. Kisha nikakutana na utafiti wa mwaka 2018 kwenye BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, kwamba anaevuta sigara moja tu kwa siku anabaki na karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya moyo anayoibeba mvutaji wa 20. Nusu! Mi nlidhani hesabu inashuka sawasawa, ukivuta moja ya ishirini na hatari ni moja ya ishirini. Haiendi hivo kwa moyo. Nilikasirika kidogo, sijui nilimkasirikia nani, lakini sikujitukana, nikarudi kwa yule kijana nikamwambia hii ya asubuhi inanishinda nifanyeje. Akaniambia ilaze vepu kitandani karibu na mto, imejaa na ina chaji, upige pafu kabla hujatoa miguu kitandani. Ujinga mtupu, ila ndo uliofanya kazi. Ikawa 2, ikawa 1, ikawa 0, 1, 0, 0, sifuri zikafuatana, na hapo ndo tukafika kwenye benchi, siku ya sita.

Saa nane usiku nikamwambia shem natoka kidogo. Akasema twende wote. Hospitali pale huruhusiwi kuvuta wala kuvepu ndani ya uzio kwahiyo tukatoka mpaka nje ya geti, nikatoa paketi, nikajipapasa, laita sina. Nlishaacha kutembea nayo. Nimesimama na sigara mdomoni kama sanamu, na kwa sekunde kama mbili hivi nikafurahi, nikasema basi imeshindikana. Shem akaingiza mkono mfukoni, akatoa laita.

Sasa shem alikuwa ameacha sigara mwaka mzima. Yani ndo tulivyoambiwa, dada alikuwa anamtolea mfano kwangu. Tukaangaliana. Akasema, "Usimwambie dada yako." Nikampa moja.

Sigara yenyewe ilikuwa mbaya. Siku sita tu na ulimi umeshaanza kusikia vitu, ilikuwa kama majivu ya jana, na kichwa kikazunguka kidogo nikaegemea ukuta. Ningependa kuwaambia nliitupa katikati. Sikuitupa, nliivuta mpaka kwenye kichungi.

Shem ndo akaanza kuongea, hajawahi kuongea na mimi hivo. Kumbe hajawahi kuacha hata wiki. Alimwahidi dada mara moja, akateleza siku ya pili, akaona aibu kusema, na toka hapo anavuta mafichoni, pipi mdomoni, manukato kwenye gari, kuosha mikono na sabuni ya vyombo. Akasema anavuta nyingi kuliko zamani kwa sababu kila akipata nafasi anajaza, hajui nafasi nyingine itapatikana lini. Nlimwonea huruma, na nikajiona mimi wa siku ya 9 pale mbele yangu.

Ilibaki moja kwenye paketi. Akasema, "Tugawane hiyo basi shem, si umeshaharibu?"

Neno lilelile. Sasa hapa ndo ningepaswa kusema nilikataa kishujaa, lakini simu yake ikaita, ndani wanamtafuta, akakimbia akiwa bado ameshika laita mkononi. Nikabaki na sigara moja na sina moto. Sijui ningefanya nini, sijui kabisa.

Nikarudi kwenye benchi, na kwa sababu arosto imetulia na sina cha kufanya nikawa nasoma kwenye simu habari za jamaa aliyeleta hizi vepu za kisasa, Hon Lik, mfamasia wa Kichina, aliitengeneza 2003, baba yake alikuwa mvutaji mkubwa akafa kwa kansa ya mapafu. Na yeye mwenyewe, huyohuyo aliyeibuni, alishakubali kwenye mahojiano kwamba sigara bado anavuta mojamoja. Nilicheka peke yangu pale mpaka mama mmoja akasogea mbali kidogo. Fundi mwenyewe hajamaliza! Nikatoa kidaftari kwenye koti nikaandika namba ya siku hiyo, nikafunga.

Mtoto alizaliwa alfajiri. Wa kike. Nilipoingia dada alikuwa amechoka mpaka macho hayafunguki vizuri lakini pua inafanya kazi. Sijafika hata kitandani akasema, "Umevuta."

Nikasema, "Moja."

"Tangu jana?"

"Tangu siku sita."

Akaninyamazia. Shem alikuwa amesimama dirishani, pipi mdomoni, anaangalia nje kama kuna mechi. Nilimwona shingo tu. Sikusema kitu, siyo habari yangu ya kusema, na alikuja kuisema mwenyewe miezi mingi baadae, na hiyo ni stori yao.

Dada akasema, "Kaoshe mikono mpaka kwenye viwiko, na hilo shati vua, kwenye begi kuna fulana ya shem wako." Basi. Nikaosha, nikavaa fulana ya shem inayoishia kitovuni, nesi akanicheka, nikakaa kwenye kiti nikapewa mtoto. Nilikuwa napumulia pembeni ili asinisikie pumzi. Alinishika kidole hikihiki cha kushikia sigara, bado kilikuwa na unjano kidogo pembeni ya kucha.

Ile iliyobaki kwenye paketi nliivuta wiki mbili baadae, jumapili mchana, bila sababu yoyote ya maana. Nayo imeandikwa. Kidaftari kipo mpaka leo, zile kurasa za mwanzo namba ni kubwa na mwandiko mbaya, na nimeshashuka mpaka likwidi ya miligramu 6 na hiyo nayo naishusha taratibu. Ukifungua ukurasa wa ile siku kuna 1, halafu pembeni yake, kwa kalamu ya nesi maana yangu iliisha wino: kilo 3.2.