Koma mbili

Jirani ameanza kukamua mabibo. Ukiishi huku kwetu Mtwara hiyo harufu unaijua, haibishi hodi, inaingia dirishani tamu tamu na kauchachu kwa nyuma, na ikishafika mwezi wa kumi ndo inakuwa hewa yenyewe, huna pa kukimbilia. Wengine inawakumbusha uraka, ile pombe ya mabibo, na ngoma. Mimi inanikumbusha modemu, kile kifaa cha kuingilia intaneti kwa waya wa simu. Mke wangu kanicheka jana nilipomwambia, ikabidi nimsimulie, na sasa nawasimulia na nyie maana kuna kipande yeye sikumwambia.

Ni 2006, msimu wa korosho kama huu, bado nipo pale ofisini Shangani (mliowahi kufika mnapakumbuka, pale penye stoo kwa nyuma). Kompyuta ilikuwa moja, na virusi vilivyokuwemo humo, ukichomeka flashi inatoka na wageni. Bosi alishasema atanunua nyingine mwezi ujao na huo mwezi ujao haufiki. Mimi nilikuwa na CD za Ubuntu, aina ya Linux, ile ya kuweka mahali pa Windows, zile walizokuwa wanatuma bure, unajaza fomu, unasahau kabisa, siku hiyo unakwenda posta unakuta bahasha yako kutoka Ulaya. Toleo la 6.06. Jumamosi moja bosi akiwa Dar nikaifuta Windows yote bila kumuuliza mtu. Nilikuwa na miaka 24, mnajua wenyewe.

Ikawaka vizuri tu, ile rangi ya kahawia, vile vingoma vya kuingilia, nyepesi kama mpya. Kasoro intaneti.

Wa zamani mtanielewa hapa. Modemu nyingi za ndani za enzi zile hazikuwa modemu kamili. Kazi ya kugeuza data iwe sauti ipite kwenye waya wa simu, na ile sauti irudi kuwa data, waliotengeneza waliiachia programu ya Windows ili wabane gharama ya chipu. Ukiiondoa Windows unabaki na tundu la waya tu. Ya kwetu ilikuwa na dereva ya Linux, yaani programu ya kuiendesha, ila ile ya bure imefungwa mwisho kilobiti 14.4 kwa sekunde, ukitaka 56 ulipie, na hata hiyo ya bure unaipata wapi? Intaneti. Yaani ngazi ya kupandia darini iko darini.

Rafiki yangu mmoja akanitafutia ya nje Kariakoo, mtumba, ile ya pini tisa yenye mstari wa vitaa vyekundu mbele. Ikaja na basi. Barabara ya wakati ule mnaijua, daraja la Mkapa lilishafunguliwa tangu 2003 lakini Ndundu mpaka Somanga bado mchanga mtupu, basi likalala njiani, mzigo ukafika siku ya pili umefungwa kwenye kanga ya sijui nani. Kanga sikuirudisha.

Hiyo Linux iliiona palepale, ttyS0, ambayo kwa Windows ni COM1. Nikaweka namba ya kupiga, jina, neno la siri, nikaandika pon, agizo la kuunganisha, enta. Kitaa cha OH, kinachoonyesha laini imeshikwa, kikawaka, ikalia tik, kimya, kikazima. Nikaangalia kumbukumbu zake inasema NO DIALTONE, yaani haisikii mlio wa simu. Haisikii vipi wakati mimi nikinyanyua mkonga nausikia huu hapa? Siku nne hizo. Nikabadilisha waya, nikapuliza tundu, nikaiweka modemu juu ya meza nikaiweka chini ya meza, nikaitukana. Na umeme wa kuotea, mji bado unakwenda kwa majenereta, gesi ya Mnazi Bay ilikuwa haijaanza kuwasha taa za mtu. Bosi anarudi Jumatatu na barua pepe zake za sampuli za korosho hazijasomwa wiki nzima.

Alhamisi usiku mzee mlinzi akaingia na birika lake la chai. Huyu mzee alistaafu Posta na Simu, miaka mingi alikaa kwenye suichibodi Nachingwea, ila sisi vijana tulikuwa tunamjua kwa tochi na rungu tu, hayo mengine akianza kuyasimulia tunaangalia saa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bado mnagombana?"

Nikamwambia hii mashine inadai hakuna mlio. Akaweka birika chini, akafuta mkono kwenye suruali, akanyanyua mkonga wa simu akaupeleka sikioni. Akafumba macho. Mimi nasubiri atoe neno, yeye yupo kule ndani, kichwa kimeinama kidogo upande kama mtu anayesikiliza mtoto anaumwa kifua. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuona aibu kwa niaba yake. Mabibo yananuka uwanjani, nje chura, ndani kimya.

"Huu siyo mlio wa nje," akasema. "Wa nje haukatiki, unakwenda tuu mpaka uchoke wewe. Huu unadundadunda. Huu ni wa lile boksi lenu la ukutani. Mashine yako imezoea wa nje, itausubiri mpaka kesho."

Nikanyamaza.

"Na ukitaka kutoka nje unabonyeza ngapi?"

"Tisa."

"Umeiambia?"

Jamani. Siku nne. Kila mtu mle ofisini, mpaka anayefagia, anajua kwamba ukipiga simu ya nje unaanza na tisa, mimi mwenyewe nikipiga nyumbani naanza na tisa, ila kwenye kompyuta nikaandika namba kama ilivyo kwenye karatasi. Nikaongeza tisa harakaharaka nikataka kubonyeza enta, akanishika mkono.

"Ukishabonyeza tisa, mpishe."

"Nimpishe nani?"

"Laini. Anageuka." Akanionyesha kwenye simu, tisa, kisha kidole chake kikabaki hewani. "Moja... mbili... tatu... sasa." Na kweli, nikausikia ule mlio wa pili, mrefu, mnyoofu, usiokatika.

Sasa unaiambiaje modemu impishe mtu? Kulikuwa na kijitabu kilichokuja nayo, kurasa zimeshikana, nikakipekua kwa tochi ya mzee maana taa ilikuwa hafifu. Na vyote vilikuwemo tangu siku ya kwanza. ATX3: usisubiri mlio, piga tu. Na koma, ile ile koma ya shuleni, ukiiweka katikati ya namba modemu inatulia sekunde mbili ndo inaendelea. Nikafungua faili la maagizo, /etc/chatscripts/provider, nikaongeza ATX3, halafu agizo la kupiga, ATDT9 koma koma na namba. Koma mbili, sekunde nne. Mzee akauliza hivyo vimkia ni nini, nikamwambia hivi ndo kumpisha. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la maana.

Enta.

Tik. Kitaa cha OH. Tisa ikalia. Mzee akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, na kwenye nne namba zikamwagika mfululizo, ikaita kule, ikapokelewa, na ule ukelele ukaanza, wa kwanza mwembamba, kisha unajibiwa na wa pili, kisha zote mbili zinakwaruzana kama mtu anaburuta bati barabarani. Mimi nimeshikilia meza. Mzee anatabasamu.

"Zinaamkiana," akasema.

Nimesoma mengi tangu siku ile kuhusu zile sekunde, namna modemu mbili zinavyopimana waya na kukubaliana spidi ambayo zote zitaiweza, na sijaona aliyeeleza vizuri kuliko yule mzee. Kitaa cha CD, kinachoonyesha zimeshikana, kikawaka na hakikuzima tena. CONNECT 26400. Hata kilobaiti nne kwa sekunde haifiki, picha moja ya kilobaiti mia unaisubiri zaidi ya nusu dakika, inashuka mstari mmoja mmoja kama pazia. Tulikaa wawili tunaangalia pazia likishuka, chai ikapoa.

Yaliyobaki nayapitisha haraka. Kesho yake mtu wa stoo, ambaye simu yake ilikuwa imeungwa kwenye waya mmoja na yangu, akanyanyua ili apige, akautupa mkonga anapiga kelele humu mna chura. Laini ikakatika, nikaunganisha upya. Jumatatu bosi akarudi, akakuta barua zake, akasema mbele ya watu huyu dogo ni mtaalamu. Nikashukuru. Sikutaja mtu.

Na mimi nikawa silali. Kila usiku nipo hewani, napakua hiki, nasoma kile, faili la megabaiti tano naliacha linatiririka huku nimelalia meza. Dakika za simu zinahesabika kule, sikuzifikiria.

Mwisho wa mwezi bili ikaja, jumla tu, bila mchanganuo. Bosi akaisoma mara mbili. Akauliza nani anatumia simu usiku. Usiku ofisini anakuwepo nani? Akaitwa mzee. Mlango ulikuwa wazi nikasikia, hakufokewa sana, ila aliambiwa mtu mzima kama yeye haifai. Alijibu "sawa bosi" tu. Kesho yake simu ikatengenezewa kisanduku cha mbao chenye kufuli, ambacho hakikuizuia modemu kwa lolote maana waya wake ulikuwa unatoka ukutani.

Nilisema? Nilisema, baada ya kama wiki tatu, tena kwa kuzunguka, kwamba inawezekana na kompyuta nayo inachangia kidogo. Bosi akasema basi punguza. Kufuli halikutolewa.

Lakini kabla ya hapo, usiku ule ule aliotoka kuitwa mzee, nilirudi kwenye kijitabu nikatafuta agizo lingine. ATM0. Inazima spika ya modemu. Nikaliweka kwenye lile faili, juu ya zile koma mbili, nikaunganisha. Tik, halafu kimya kabisa, vitaa tu vinachezacheza gizani.

Saa nane hivi mzee akapita dirishani na tochi yake, akasimama.

"Siku hizi haziamkiani?"

"Zinaamkiana mzee. Kimyakimya."

"Aa," akasema, akaendelea na lindo lake.